Kuagiza gari la spoti ukiwa Dodoma: nyongeza kwanza, rangi mwishoni

Mtu anayeagiza gari la spoti moja kwa moja kutoka kiwandani huwekewa mbele yake orodha ndefu ya nyongeza pamoja na ubao wa rangi, na karibu kila mtu huanza na rangi, kwa kuwa ndiyo inayovuta macho na ndiyo majirani watakayoiona kwanza. Kwa mkazi wa Dodoma ningeshauri mpangilio uwe kinyume chake. Anza na vile ambavyo kiwanda pekee kinaweza kuvifunga, kisha uje kwenye vile ambavyo barabara ya nyumbani kwako inavidai, na rangi iwe ya mwisho. Spika kubwa zaidi, mazulia ya miguuni na kamera ya nyuma hupatikana baadaye hapa mjini au Dar es Salaam. Lakini breki, springi, viti, giaboksi na mfumo wa kuinua pua ya gari, ukishavikosa kwenye oda, huvipati tena ila kwa gharama ya kuchekesha.

Kabla ya kuweka alama yoyote kwenye orodha hiyo, kumbuka kwamba nyongeza nayo hulipiwa kodi, kwa sababu thamani ya forodha hujumlisha bei ya gari na kila kilichofungwa ndani yake, pamoja na usafiri na bima. Gari lenye injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya jumla hiyo, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote. Kwa hesabu hiyo, nyongeza ya shilingi milioni 1 kiwandani hukufikia ikiwa imekuwa shilingi 1,622,500, na hapo tozo ndogondogo hazijaguswa. Viwango hujadiliwa hapahapa mjini kila Juni Bunge linapopitia bajeti, hivyo mwombe wakala wako wa forodha airudie hesabu kabla hujatia saini, hasa kama gari litaingia bandarini mwaka mpya wa fedha ukiwa umeshaanza.

Suala linalowaumiza wengi hapa ni uvungu. Magari ya aina hii huwa na uvungu wa sentimita 11 au 12 hivi, ilhali mitaa mingi ya Iyumbu, Nzuguni na Miyuji ina matuta yaliyojengwa na wakazi wenyewe, kila mmoja kwa kipimo chake, na magetini kuna vivuko vya mitaro vilivyopinda kama mgongo wa ngamia. Usikisie. Tafuta urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari unalolitaka. Kwa Porsche 911, kwa mfano, ni milimita 2,450. Mwombe seremala akukatie ubao ulionyooka wa urefu huohuo, kisha apigilie kigogo cha sentimita 12 chini ya kila ncha. Utembeze ubao huo juu ya kila tuta kati ya geti lako na lami, kigogo kimoja kikiwa mbele ya tuta na kingine nyuma yake. Mahali ambapo tumbo la ubao linagusa, ndipo tumbo la gari litakapokwangua. Mimi nilifanya hivyo asubuhi ya Jumapili watu wakienda kanisani, na watoto wa mtaa wakaniuliza kama napima kiwanja.

Majibu ya ubao huo ndiyo yatakayokuambia kama mfumo wa kuinua pua una faida kwako. Kwenye 911 mfumo huo huinua ekseli ya mbele kwa takriban milimita 40 kwa kubonyeza kitufe, na kwa kuwa nyuma haiinuki, katikati ya tumbo hupanda nusu yake tu, yaani milimita 20. Unaokoa bampa unapoingia getini, lakini hauokoi tumbo juu ya tuta refu. Kama ubao umegusa kwa zaidi ya sentimita mbili, hakuna kitufe kitakachokusaidia. Utalazimika kubadili njia, kuzungumza na wajumbe wa mtaa kuhusu tuta, au kutafuta toleo lililoinuliwa kiwandani, mfano wa 911 Dakar iliyotangazwa mwaka 2022 ikiwa juu kwa milimita 50 kuliko Carrera, yaani 911 ya kawaida, yenye springi za spoti, ingawa yalitengenezwa 2,500 tu na muuzaji anajua hilo. Kwa wengine wote, ukiwa na fedha ya nyongeza moja peke yake, nunua hiyo ya kuinua pua.

Rimu zinafuata, na hapa shauri langu halitawapendeza vijana: chagua rimu ndogo kuliko zote ambazo kiwanda kinaziruhusu kwa gari hilo. Rimu inapokuwa kubwa, tairi hubaki na ubavu mwembamba, na shimo moja lenye ukingo mkali kwenye barabara ya Morogoro linatosha kuipinda rimu na kuchana tairi kwa pigo moja. Magari mengi ya spoti hayaji na tairi la akiba. Huja na chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo, na dawa hiyo haizibi ubavu uliochanika. Umbali wa Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, na sehemu kubwa yake haina duka lenye tairi la upana huo. Agiza matairi mawili ya ziada pamoja na gari, la mbele na la nyuma, kwa kuwa vipimo vyake hutofautiana. Zikwepe pia rimu zinazofungwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Ni nzuri kwenye mashindano, lakini nati ya 911 GT3 hukazwa kwa nguvu ya Nm (nyutonimita) 600, na fundi pancha wa kando ya barabara hana spana ya kuifungua wala ya kuikaza.

Fundi huyohuyo ndiye sababu ya kufikiria mara mbili kuhusu breki za kauri. Diski zake ni nyepesi, hudumu muda mrefu kwa dereva wa kawaida na hazichafui rimu kwa unga mweusi wa pedi. Porsche huzitambulisha kwa kalipa, yaani vibanio vinavyoshika diski, za njano. Tatizo ni kwamba kingo zake humeguka zikigongwa na rimu wakati tairi linatolewa, na diski moja mpya ina bei ya gari dogo la kuzunguka mjini. Mwenye kwenda kwenye viwanja vya mashindano nje ya nchi ana haki ya kuzitaka. Anayekwenda Mtumba kazini na kurudi, akiheshimu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, diski za chuma zinamtosha na ziada inabaki.

Kuhusu injini, Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na ushee, na hewa yake nyepesi huipunguzia injini isiyo na tabo, ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yenye tabo hujifidia. Giaboksi ni suala la mapenzi: wapenzi wa magari husifu gia za mkono, lakini siku ya kuuza, wanunuzi wengi wa hapa wataulizia otomatiki.

Ndani ya gari, fikiria jua la Oktoba saa nane mchana. Ngozi nyeusi iliyoachwa juani huunguza mapaja, na ngozi nyeupe hunywa rangi ya suruali ya jinsi hadi ikageuka samawati. Kijivu cha wastani au kahawia ya udongo huvumilia zaidi, na vumbi letu jekundu halionekani sana juu yake. Viti vinavyopuliza hewa ni nyongeza yenye thamani hapa kuliko viti vya kupasha joto, ambavyo orodha nyingi huvitanguliza kwa kuwa zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kitambaa laini cha usukani kinachofanana na ngozi ya swala hupendeza mwaka wa kwanza, kisha jasho la viganja hukifanya king'ae kama kiwiko cha koti kuukuu. Paa la kioo liache.

Sasa rangi. Gari langu la kwanza la spoti, lililokuwa limetumika Japani, lilikuwa jeusi, na nililipenda kwa siku tatu. Siku ya nne vijana waliliosha kwa tambara lenye mchanga, na tangu hapo kila jua lilipolipiga nilikuwa naona duara za mikwaruzo mithili ya utando wa buibui. Rangi nyeusi huonyesha vumbi, mikwaruzo na joto kwa pamoja. Kuhusu joto, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani walichapisha mwaka 2011 vipimo vya magari mawili ya aina moja yaliyoachwa juani, na hewa ya ndani ya lile la rangi ya fedha ilikuwa na nafuu ya nyuzijoto 5 hadi 6 kuliko ya lile jeusi.

Omba kibati cha sampuli badala ya kuamini skrini. Kiweke juu ya kiti uani na ukitazame saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa rangi ya metaliki, yenye chembe za alumini, hubadilika kabisa jua linapoinama. Kisha chota vumbi la barabarani, ulipeperushe juu yake na ukitazame tena. Fedha, kijivu kinachoelekea kahawia na rangi za mchanga hupita mtihani huo kwa urahisi. Nyeupe hupita kiangazi, ila masika huivalisha sketi nyekundu ya tope. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: weka kando ya sampuli kitu cha njano. Kibao cha namba cha gari binafsi nchini ni cha njano chenye herufi nyeusi, na zambarau iliyokuvutia kwenye picha ya Ujerumani itaishi na njano hiyo mbele na nyuma.

Nyekundu ya Kitaliano, kijani cha Kiingereza, buluu ya Kifaransa na fedha ya Kijerumani zilianza kama rangi za mataifa kwenye mashindano ya magari ya karne iliyopita, na mwenye kupenda historia ana sababu ya kuzichagua. Lakini jiulize nani atairekebisha. Rangi za matabaka matatu, zenye tabaka la lulu katikati, humpa taabu hata fundi hodari kuzioanisha, na rangi isiyong'aa haipigwi polishi kabisa, hivyo mkwaruzo mmoja hudai mlango mzima upakwe upya. Hapa tunaegesha chini ya miarobaini, na ndege na popo wanaokula matunda yake hawana huruma na boneti. Kinyesi chao kikikauka juani hula rangi kwa siku chache. Agiza filamu angavu ya kulinda rangi kwenye bampa, boneti na vioo vya pembeni, ibandikwe kabla gari halijaanza safari ya kuja Dodoma nyuma ya malori yanayorusha kokoto.

Karatasi ya oda ikirudi, isome msimbo kwa msimbo, si kwa majina. Hakikisha usukani umeandikwa kulia, ulizia tarehe ambayo baada yake kiwanda hakipokei mabadiliko, na linganisha msimbo wa rangi na ule ulio nyuma ya kibati chako. Rangi ndiyo itakayoandikwa pia kwenye kadi ya usajili, na ukiibadilisha baadaye itakubidi uende Mamlaka ya Mapato. Kibati kihifadhi nyumbani na msimbo uunakili kwenye simu, kwa sababu siku bodaboda itakapokugusa ubavuni pale Jamatini, fundi rangi atakuuliza msimbo kabla hajakuuliza jina.