Jinsi ya Kuanza Mchezo wa Kuigiza Mashujaa Mezani

Katika mchezo huu, wachezaji watatu hadi watano huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, huku mwenzao mmoja, yaani msimulizi, akiieleza dunia ya kisa na kuamua matokeo ya matendo yao. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kanuni zake za msingi hupatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo kikundi cha Dodoma hakina sababu ya kusubiri kitabu kutoka nje.

Wengi hukwama kwa kutaka kuzijua kanuni zote kwanza. Kwa maoni yangu, jioni ya kwanza inahitaji kanuni moja tu: mchezaji anapojaribu jambo lenye mashaka, hurusha dadu ya pande 20, hujumlisha nyongeza ya mhusika wake, kisha hulinganisha jumla hiyo na kiwango cha ugumu alichokiweka msimulizi. Jambo rahisi huwekewa 10, la wastani 15 na gumu 20. Anayekifikia kiwango au kukipita amefaulu.

Dadu za ludo zinazouzwa madukani zina pande sita tu. Kata karatasi ngumu vipande 20 vinavyolingana, uviandike namba 1 hadi 20 na kuvitia ndani ya kofia. Kila kipande kinachotolewa kirudishwe na kuchanganywa na vingine kabla ya mwingine kuchukua chake, maana kisiporudishwa bahati haitakuwa sawa kwa wote.

Mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Gawa kati yake namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 upendavyo. Namba 14 na 15 hutoa nyongeza ya 2, 12 na 13 hutoa 1, 10 haitoi kitu, na 8 hupunguza 1.

Kisa nacho kisihangaike na ngome za Ulaya ilhali miamba, mibuyu na makorongo ya mchanga yametuzunguka. Tuseme ni Oktoba, kisima cha kijiji kimekauka ghafla ingawa vya jirani vina maji, na nyayo kubwa zinaelekea kwenye mwamba. Msimulizi aandae chanzo cha tatizo, mtu mmoja anayejua siri, na mahali pa hatari. Mengine yatazaliwa mezani. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, inaweza kumpa mawazo mazuri ya pango, lakini ningependelea mwamba wa kubuni, kwa kuwa baadhi ya maeneo yale wenyeji bado huyatumia kwa matambiko.

Kazi kubwa ya msimulizi ni kuuliza. “Ndani ya ufa mnasikia maji yakitiririka, na mlangoni amelala fisi mkubwa kuliko ndama. Mnafanya nini?” Mchezaji anajibu kwamba ananyata ili ampite. Wepesi wake ni 14, yaani nyongeza ya 2, kiwango ni 15, na kipande alichotoa ni 12. Jumla ni 14, amekosa kwa moja. Msimulizi akisema tu “umeshindwa”, kisa kinasimama hapo hapo. Ni afadhali aseme kwamba amepita, ila kibuyu chake kimegonga jiwe na fisi amefumbua jicho moja, kwa sababu hapo hatari imeongezeka na wenzake waliobaki nje wana jambo la kuamua. Kwa sababu hiyo hiyo, pale ambapo kushindwa hakubadilishi chochote, kama kuvuka uwanja mtupu mchana, msiguse kofia kabisa.

Kabla ya kuanza, kubalianeni ni mambo gani hayataingizwa katika kisa, hasa mkiwa na watoto mezani, na tengeni saa mbili au tatu. Mkimaliza, kila mchezaji aandike kwenye karatasi ya mhusika wake vitu alivyopata na ahadi alizotoa, kisha msimulizi azitunze zote hadi mtakapokutana tena.