Kupima urefu kwa vizibo vya soda

Kama una mtoto wa chekechea au darasa la kwanza usikimbilie rula, vile vimistari na namba vinamchanganya tu. Mpe vizibo vya soda, dukani kwa Mangi unapewa bure na vyote saizi moja, halafu mwambie avipange ukingoni mwa meza kuanzia mwanzo kabisa, vigusane, visiachiane nafasi wala kupandiana. Hapo ndo wengi wanaharibu, utakuta kaacha mwanya kidole kinapita, usimfokee, muulize tu "na hapa je, hujapapima?" atasogeza mwenyewe. Na kabla hajapanga akisie kwanza vitaenea vingapi, wanapenda hiyo kuliko hata kupima kwenyewe.

Akishazoea nendeni kwenye shubiri, yaani mkono uliotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Apime mkeka na wewe pima huohuo, yeye atapata kumi na mbili wewe nane, atakwambia umeiba 😂 sasa hapo ndo toa rula, ameshaona mwenyewe kwa nini inahitajika. Kizibo kina kama sentimita 3 hivi so kulinganisha ni rahisi. Njiti za kiberiti nazo poa ila kata vichwa kwanza.