Nguruwe mwenye mimba: umuongezee nini kwenye chakula

Mimba ya nguruwe ni siku kama 114, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3, na wengi wanakosea mwanzoni kabisa, wanamshindilia chakula akishapandwa tu. Usifanye hivyo, kilo 2 hadi 2 na nusu kwa siku zinamtosha, akinenepa sana atakusumbua kuzaa.

Pumba peke yake haina kalsiamu ya maana, kwa hiyo kila kilo 100 za chakula weka chumvi nusu kilo, chokaa ya mifugo au unga wa mifupa kilo 1 hivi, halafu premiksi ya nguruwe (mchanganyiko wa vitamini na madini) kutoka duka la pembejeo, kipimo fuata cha kwenye pakiti maana zinatofautiana. Protini mpe mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Majani mabichi pia, na maji muda wote.

Mwezi wa mwisho panda mpaka kilo 3, ila siku 2 au 3 kabla hajazaa punguza, ongeza pumba ya ngano asifunge choo.

Mahindi yenye ukungu jamani hapana, mimba inaweza kutoka. Na aironi (madini ya chuma) ya watoto haipiti kwa mama vya kutosha, hiyo wachome sindano watoto wenyewe wakifika siku ya 3.