Kusoma majibu ya C3 na C4 kwa mgonjwa wa lupasi

Hatua ya 1: Anza na sampuli. C3 na C4 ni protini za komplimenti, sehemu ya kinga iliyo ndani ya damu; kwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, protini hizi hutumika na kupungua. Huendelea kufanya kazi hata ndani ya chupa. Damu iliyotolewa Mbagala asubuhi, ikakaa kwenye boksi la bodaboda hadi adhuhuri ya Februari, ikifika mjini imeshajiharibu. Kinachoumia zaidi ni kipimo cha CH50, kinachoonyesha kama komplimenti nzima inafanya kazi: kitashuka wakati komplimenti ya mgonjwa haina shida. Tumia chupa ya kifuniko chekundu, iache damu igande kama nusu saa, izungushe kwenye sentrifuji, tenga seramu upesi na uiweke kwenye friji. Seramu ya CH50 isiyopimwa siku hiyo igandishwe kwa nyuzi -70. Fomu haina saa ya kutoa damu? Piga simu wodini kwanza.

Hatua ya 2: Soma C3 na C4 kwa pamoja, kwa viwango vya maabara yako. Kwa watu wazima mara nyingi C3 ni takriban gramu 0.9 hadi 1.8 kwa lita, C4 ni 0.1 hadi 0.4.

Zote mbili zikiwa chini, kingamwili zilizonasana na antijeni (kitu zinachokishambulia) zimeiamsha C1q, protini ya kwanza ya komplimenti, nayo imeanza kutumia C4 na C2, kisha C3. Hiyo ndiyo sura ya lupasi iliyochachamaa, hasa ya figo.

C3 ikishuka peke yake, fikiria njia mbadala, yaani komplimenti kuamka bila kingamwili, na protini zinazoidhibiti, fakta H na fakta I. Hizi ni breki. Zikilegea, C3 inaliwa mfululizo. Ila kwa mtoto aliyeumwa koo au vidonda vya ngozi majuzi, na sasa anakojoa damu, wazia kwanza streptokoki, bakteria wa koo na ngozi ambao figo huweza kuumwa baada yao.

C4 peke yake chini, na midomo inavimba bila kuwasha: ulizia kizuizi cha C1, protini inayozuia komplimenti isianze ovyo; huenda kimepungua. Wengine wamezaliwa tu na jeni chache za C4.

Hatua ya 3: Tafuta majibu ya nyuma. Ini huongeza C3 na C4 mwili ukiwa na maambukizi, kwa hiyo mwenye nimonia anaweza kuonyesha C3 ya kawaida huku lupasi inaitafuna. Mimi hushtushwa zaidi na C3 iliyotoka 1.5 ikafika 1.0 kuliko 0.8 isiyobadilika mwaka mzima.

Hatua ya 4: Ongeza kreatinini (kipimo cha figo), kingamwili dhidi ya DNA, na kijiti cha mkojo, ambacho ni rahisi. C3 na C4 zikiwa chini na mkojo una protini, usisubiri mgonjwa aje kuchukua majibu. Mpigie daktari wake siku hiyohiyo.