Unaenda Guangzhou kufata mzigo? Soma hapa kwanza

Wadau, watu wananifata sana dukani hapa Ngamiani, Tanga, wanauliza nikifika China naanzia wapi, nimechoka kurudia bas naandika mara moja. Mi nauza viatu, nshaenda Guangzhou mara sita na makosa karibu yote nshayafanya.

Hatua ya 1: kalenda kabla ya tiketi
Usiende karibu na mwaka mpya wa Kichina, unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda vinafungwa watu wanarudi makwao, utamkuta mlinzi tu. Maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou (yapo toka 1957), yanaanza Aprili na Oktoba, ila yana awamu tatu na kila awamu ina bidhaa zake. Mashine ni ya kwanza, viatu na nguo ya tatu, ukikosea umelipia hoteli bure.

Hatua ya 2: simu
Google na WhatsApp kule hazifunguki bila VPN (programu ya kupita mitandao iliyofungwa), iweke ukiwa bado huku. Pakua WeChat na Alipay, ndo za kulipia kwa simu, uunganishe kadi yako ya benki, mana kule hata muuza matunda wa barabarani anataka uskani.

Hatua ya 3: saa, jamani saa
Wenzetu wametutangulia masaa matano, hilo dogo. Shida ni saa yetu ya Kiswahili. Safari ya kwanza nilimwandikia bosi wa kiwanda "kesho 2:00", kichwani mwangu saa mbili asubuhi, nikakaa mapokezi hotelini nimevaa nimependeza, nasubiri weee, nshaanza kusema hawa watu waongo, jamaa akatokea saa nane mchana anacheka, kwake 2 ndo hiyo. Toka siku ile naandika 08:00 na sifuri zake zote. Na ile "niko njiani" wakati mtu bado yuko bafuni iacheni hukuhuku Tanga, wale ukichelewa wanaona umewadharau.

Hatua ya 4: kadi na chai
Sisi tumefunzwa mkono wa kulia, wao kadi ya biashara (ile ya jina na namba) wanatoa na kupokea kwa mikono miwili. Isome kidogo, usiitumbukize mfuko wa nyuma ukaikalia. Jina la ukoo ndo linatangulia, na mwenye duka mwite laoban, yaani bosi. Alafu utakaribishwa chai, vikombe vidogo kama vya kahawa ya barazani, haina sukari wala maziwa na usiombe. Akikumiminia gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndo asante ya watu wa kule. Ukitosheka acha kikombe kimejaa, ukimaliza anajaza tena.

Hapo kwenye chai usikimbilie bei! Mi zamani nilikua naingia tu "bei gani, punguza", napewa bei ya mgeni. Nlipojifunza kukaa, naulizwa una watoto wangapi, Tanga iko wapi, natoa picha za Raskazone wanashangaa bahari, bei ikawa inashuka yenyewe.

Hatua ya 5: sasa bei
Mtaongea kwa kalkuleta, kila mtu anabonyeza anampa mwenzie. Usimwambie anakuibia mbele ya wafanyakazi wake, utamwaibisha na biashara imekufa. Akisema "tutaangalia" au "ni ngumu kidogo" jua hiyo ni hapana, watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili, ni inshallah ya fundi cherehani kabisa. Advansi toa asilimia 30, ile 70 mzigo ukishakaguliwa na kabla haujapakiwa. Sampo mliyokubaliana ifungeni, wekeni saini wote wawili, moja ubaki nayo. Kuna mwaka nlilipa yote kwa kuaminiana, soli zikaja nyingine, mvua ya kwanza tu gundi imeachia na wateja wananirudishia viatu mmojammoja.

Hatua ya 6: kukaa
Halali haisumbui, mtaa wa Xiaobei umejaa Waafrika na Waarabu, Ijumaa nendeni msikiti wa Xianxian. Pasipoti tembea nayo. Hoteli wanakuandikisha polisi wenyewe, ila ukilala kwa rafiki lazima mwende wenyewe ndani ya masaa 24. Zawadi mi nabeba kahawa na korosho, saa ya ukutani usithubutu, kwao kumpa mtu saa ni kama unamzika.