Ofisi ikifungwa, kazi isisimame
Wewe unayeongoza kikundi, mambo yakikuendea mrama usianze na kujibizana. Jiulize kwanza: ni kazi gani haipaswi kulala? Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, alikejeliwa hadi bungeni, na Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, likatolewa kwenye ofisi zake. Akahamishia shughuli nyumbani kwake. Miche ikaendelea kuoteshwa, na mwishowe mradi ule wa jengo ukaachwa. Huo ndio uongozi ninaouheshimu. Kwa hiyo daftari la wanachama na namba zao za simu viwekeni mahali pawili, na mkubaliane mapema mtakutana kwa nani mkifungiwa mlango.