Namna ya kuachia usukani wa baiskeli bila kuanguka

Mtu akishindwa kuachia mikono hujilaumu kwa uoga, na mara nyingi kosa liko kwenye vikombe vya usukani, vile vinavyoshika gololi za chuma ndani ya shingo ya fremu. Baiskeli iliyonyooka, ikishapata mwendo, hujishika yenyewe. Iliyopinda, au yenye shingo nzito, haikubali hata akiipanda fundi. Kwa hiyo kazi inaanza na spana.

Simama ubavuni mwa baiskeli, shika bomba la juu la fremu, nyanyua gurudumu la mbele kiasi cha sentimita 10. Inamisha fremu kidogo kulia: usukani uanguke kulia wenyewe, kwa ulaini. Inamisha kushoto: nao uanguke kushoto. Halafu uzungushe polepole sana upite katikati. Ukihisi unanasa pale pale ulipo mnyoofu, kama mlango unaoingia kwenye komeo, gololi zimekwisha kuchimba vishimo ndani ya vikombe. Ni maradhi ya baiskeli iliyobebeshwa magunia miaka mingi kwenye njia za mashimo, kwa sababu gololi hupigwa mahali pale pale usukani ukiwa umenyooka. Kukaza wala kulegeza nati hakuponyi. Vibadilishwe vikombe na gololi kwa pamoja, kazi ambayo fundi baiskeli anaimaliza kwa muda mfupi. Ikiwa usukani ni mzito mzunguko wote, hapo ni grisi iliyokauka au nati iliyokazwa kupita kiasi. Safisha, paka grisi mpya, legeza nati robo mzunguko. Mwisho bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga “tak, tak” shingoni, imelegea, na shingo iliyolegea huleta mtetemo mara tu mikono inapoondoka.

Fremu nayo ipimwe. Funga uzi mwisho wa ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la shingo, urudishe hadi mwisho wa ekseli upande wa pili, uvute ukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda na baiskeli itakuvuta upande mmoja siku zote. Waya wa breki uliokatwa mfupi nao huvuta usukani. Breki za fito za chuma, zile za baiskeli za Phoenix za zamani, hazina waya, kwa hiyo hazina tatizo hilo. Tairi la mbele lijae vizuri, paundi 40 hivi kwa tairi la inchi 26 kwa 1.95, maana tairi laini hufanya usukani uwe mzito. Na lolote lililotundikwa mbele, pakacha la samaki, mfuko wa mkate, dumu, liondoe. Nusu kilo upande mmoja inatosha kukupeleka mtaroni.

Kwa nini baiskeli inajishika? Urefushe kwa macho mstari wa shingo ya usukani mpaka chini: utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Tairi kwa hiyo linafuata nyuma ya mstari ule, kama kidau kinachovutwa nyuma ya jahazi, na baiskeli ikilala upande, gurudumu hugeukia upande huo huo na kuirudisha juu. Kuzunguka kwa gurudumu kunasaidia pia. Hata hivyo si hayo mawili peke yake: mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walionyesha baiskeli iliyoondolewa yote mawili na bado ikajisimamia ikisukumwa, kwa namna uzito wake ulivyopangwa. Kwako wewe maana yake ni moja tu. Mwendo ndio unaokushika. Kati ya kilomita 15 na 20 kwa saa baiskeli nyingi hutulia. Ukienda mwendo wa mtu anayetembea, hakuna kitakachokusaidia.

Mahali pazuri kuliko pote kwa mwanafunzi ni mchanga wa pwani maji yakiwa yamekupwa. Paje, Bwejuu, Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, au Vumawimbi kule kaskazini mwa Pemba. Pemba imejaa vilima na barabara yake haikupi mita 200 za tambarare kirahisi, kwa hiyo ufukwe una thamani zaidi huko. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupwa mbali mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku huchelewa kidogo. Chagua mchanga uliolowa lakini usiong'aa maji. Ukandamize kwa kisigino: ukizama zaidi ya sentimita moja, sogea kwingine. Kaa mbali na mashamba ya mwani. Vigingi na kamba za kina mama si vya kuchezewa na magurudumu. Kusi likivuma kwa nguvu, subiri siku nyingine, au nenda mapema kabla upepo haujaamka.

Kuna faida nyingine ya mchanga ambayo lami haina: unakuandikia ulichofanya. Kila baada ya mita 100 shuka, geuka nyuma, usome alama. Zitakuwepo mbili, ya nyuma ikienda karibu moja kwa moja, ya mbele ikiikata huku na huku. Mawimbi marefu na ya polepole maana yake baiskeli inajirekebisha yenyewe, umeiachia kweli. Ukiona vikona vikali vya ghafla, umekuwa ukirusha kiuno au umeukamata usukani kwa hofu.

Sasa panda. Vaa viatu, na suruali ibanwe kwa mpira upande wa mnyororo. Kanzu, msuli na buibui si nguo za zoezi hili. Helmeti ukiwa nayo, ivae. Endesha kwa mkono mmoja kwanza, mwingine uwe juu ya paja, mita 100, kisha badilisha. Wengi wana mkono mmoja wanaoutegemea bila kujua, na usipoukomesha hapa utakusumbua mbele.

Baada ya hapo weka vidole viwili viwili tu juu ya usukani, bila kukunja. Sogeza makalio nyuma ya kiti, nyoosha mgongo mpaka uzito wote ukae kitini. Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo: usukani unahama kutoka viganjani kwenda kiunoni. Ukiwa bado umeinama mbele, ukiachia utaanguka nayo. Macho yawe mita 15 hadi 20 mbele, kamwe si kwenye tairi. Kanyaga pedeli mfululizo kwa uzito wa wastani. Gia nyepesi mno hukurusha rusha, nzito mno inakufanya uyumbe kila mguu unaposhuka.

Inua viganja sentimita 5. Hesabu moja, mbili. Rudisha. Fanya hivyo mara 20 kabla ya kujaribu kuhesabu hadi tano. Mikono ikizoea hewa, ishushe mapajani, kisha iache ining'inie. Zoezi la dakika 20 kila siku linafaa kuliko saa mbili za Ijumaa, kwa sababu mwili uliochoka hukakamaa.

Kukunja kona ni suala la kiuno. Egemea taratibu upande unaoutaka na fungua goti la upande huo kidogo. Gurudumu laweza kuchepuka nukta moja upande wa pili kabla ya kufuata. Ndivyo linavyofanya, usishtuke.

Wanaoanguka, wengi huangukia kwenye kurudi. Hofu inaingia, mkono mmoja unaurukia usukani, unauvuta, baiskeli inakatika. Rudisha mikono yote miwili kwa pamoja, kwa wepesi, na usiguse breki ya mbele kabla haijatua. Usukani ukianza kutetema, banisha goti kwenye bomba la juu, weka vidole bila kukaza, acha mwendo upungue. Kwenye breki ya kurudisha pedeli nyuma, punguza kwa miguu kwanza.

Barabara ya dala dala, gari za ng'ombe na matuta si mahali pake, hata ukishakuwa hodari. Wala kwenye vijia vya Pemba msimu wa karafuu, majamvi yakiwa yameanikwa pembezoni. Wala na mtu kwenye keria.

Ukitoka pwani, mwagia baiskeli maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo, mnyororo na shingo kwanza, ifute, tia mafuta mnyororo. Chumvi ikiingia kwenye vikombe, gololi zitapata kutu, na usukani utaanza tena kuwa mzito.